Namna ya Kuonja Bita ya Pipa katika Pabu za Uingereza: Mwongozo Kamili

Mgeni kutoka Nairobi au Dar es Salaam akipewa painti ya bita kwa mara ya kwanza huwa na malalamiko mawili: bia ni ya moto, na gesi hamna. Yote mawili yamekosea kidogo. Bita inayotunzwa vizuri hutoka kwenye nyuzijoto 11 hadi 13, yaani baridi kuliko maji ya mtungi uliokaa kivulini, si joto la kreti lililokaa nyuma ya kaunta. Gesi nayo ipo, ila haifiki nusu ya ile ya lager. Sisi tumezoea swali la mhudumu, "baridi au ya moto?" Bita haimo katika majibu hayo mawili, na ukiipima kwa kipimo cha lager utaionea.

Mwongozo huu unahusu bita ya pipa ya Kiingereza: jinsi ya kuchagua pabu, kuagiza, kuangalia, kunusa, kumeza, na kujua glasi ikiwa mbovu ni kosa la nani.

Kilichomo ndani ya pipa

Bita ni bia ya kimea cha shayiri, hopsi (maua yanayotia uchungu na harufu), maji na hamira, rangi yake ni ya shaba au kaharabu, na kilevi chake kwa kawaida ni kati ya asilimia 3.4 na 5. Ile ya chini huitwa bita tu au ya kawaida, na ya katikati, kuanzia asilimia 3.8 au 4 hivi, huitwa Best. Zilizo juu ya hapo ni kali. ESB ya Fuller's, kiwanda cha London, yenye asilimia 5.5, ndiyo mfano unaotajwa zaidi. Jina "bita" maana yake ni chungu, lakini usitarajie shubiri. Uchungu wake ni wa kukausha koo taratibu, wa kukufanya utake funda jingine.

Jambo linaloitofautisha na bia ya kegi, ile inayosukumwa kwa gesi, ni kwamba iko hai. Inatoka kiwandani bila kuchujwa wala kuchemshwa ili kuua hamira, ikiwa bado na sukari kidogo, na inamalizia kuchachuka ndani ya pipa lenyewe, kwenye stoo ya chini ya pabu. Hakuna mtungi wa gesi unaoisukuma. Mnywaji wa mbege ataelewa upesi: ni kinywaji chenye siku zake, leo hakijakomaa, kesho kizuri, keshokutwa kimeharibika. (Hata hopsi ana ndugu yake Kilimanjaro, kwa kuwa magome ya msesewe yanafanya kazi hiyohiyo ya kutia uchungu.)

Kwa hiyo kiwanda hutengeneza nusu tu ya ladha. Nusu ya pili iko mikononi mwa mtunza stoo. Yeye hulaza pipa mahali ambapo halitatikiswa tena, akapigilia kigingi cha mti laini kwenye kizibo cha juu ili gesi iliyozidi itoke, akasubiri mashapo yatulie, kwa kawaida siku moja hadi mbili, kisha akaweka kigingi kigumu ili gesi iliyobaki isitoroke. Akiharakisha, bia inatoka na ukungu, na harufu ya hamira mbichi. Akisahau kurudisha kigingi kigumu usiku, asubuhi anakuta bia imelala, imekufa kabisa. Ndiyo maana bia ileile, ya kiwanda kilekile, inaweza kuwa tamu ajabu kwenye pabu moja na mbovu kwenye pabu ya ng'ambo ya barabara.

Kwa wasiokula samaki: mashapo hutulizwa kwa dawa ambayo kwa jadi hutengenezwa kwa mabondo, kile kifuko cha hewa cha samaki ambacho wavuvi wa sangara wa Ziwa Victoria wanakijua vizuri, maana wanunuzi wa China hukilipia bei kubwa kuliko nyama. Siku hizi viwanda kadhaa vimeacha kuitumia. Uliza.

Hatua ya kwanza: chagua pabu kwa hesabu

Pipa la kawaida la pabu ni la galoni 9, wenyewe huliita fakini, karibu lita 41, sawa na painti 72. Likishafunguliwa, hewa inaingia kuchukua nafasi ya bia inayotoka, na kuanzia hapo saa inahesabu. Siku tatu ni salama. Siku ya tano ni bahati nasibu.

Piga hesabu. Kila pampu ya kaunta hutoa bia ya pipa lake, na painti 72 kwa siku tatu ni painti 24 kwa siku kwa kila pampu. Pabu yenye pampu tatu inahitaji kuuza painti 72 kila siku, jambo ambalo wateja wa kawaida wa mtaa wanaweza kulifanya. Pabu yenye pampu kumi inahitaji 240. Ukiingia Jumatatu saa nane mchana ukakuta pampu kumi zimepangwa kama askari wa gwaride na wateja wanne, watatu kati yao wanakunywa kahawa, toka. Wingi wa pampu huwavutia sana wageni, na ndio unaowaponza.

Siku nzuri ni kuanzia Alhamisi jioni hadi Jumamosi. Wakati mbaya ni dakika ya kwanza baada ya kufungua: bia iliyolala usiku kucha ndani ya mipira kati ya stoo na pampu huwa imepoteza gesi na kushika joto. Pabu makini huivuta na kuimwaga kabla ya kumhudumia mteja wa kwanza. Isiyo makini inakuuzia wewe.

Alama mbili za kutafuta mlangoni au ukutani: kibandiko cha Good Beer Guide, kitabu kinachotolewa kila mwaka na CAMRA, chama cha wanywaji kilichoanzishwa mwaka 1971 wakati viwanda vikubwa vilipokuwa vikihamia kegi, na kibao cha Cask Marque, ambao wakaguzi wao huja na kipimajoto. Angalia mwaka ulioandikwa. Kibandiko cha miaka sita iliyopita kinakupa historia ya pabu, hakikuambii lolote kuhusu pipa la leo.

Ukitaka mahali pa kuanzia bila kubahatisha, nenda pabu inayomilikiwa na kiwanda chenyewe, kwa kuwa bia huko haikai. Kwa Harveys, John Harvey Tavern iko Lewes, jirani kabisa na kiwanda, na London kuna Royal Oak ya Tabard Street. Kwa Fuller's, ambao kiwanda na pabu zao sasa vina wamiliki tofauti, kuna Star Tavern ya Belgravia, London. Kwa Timothy Taylor's nenda Boltmakers Arms, Keighley, huko Yorkshire. Na kwa Bathams, yenye bita tamutamu kuliko wenzake, kuna Vine ya Brierley Hill, iliyo bega kwa bega na kiwanda.

Hatua ya pili: isome kaunta kabla ya kufungua mdomo

Pabu haina mhudumu wa kukufuata mezani. Unakwenda kaunta, unasimama, unaangaliana na mhudumu, unangoja. Foleni haionekani kwa macho lakini ipo, na kila mtu anajua nani alifika kabla ya nani. Kupunga noti au kupiga mluzi kunakurudisha nyuma. Ukiulizwa wewe ilhali mwenzako alitangulia, mwelekeze kwake. Utahudumiwa kwa tabasamu zamu yako ikifika.

Ukiwa unangoja, tazama pampu. Bita ya pipa hutoka kwenye pampu ya mkono: mpini mrefu wa mti au kauri unaovutwa kwa nguvu za mkono. Bomba dogo la kufungua kwa kidole ni kegi, hata kama limeandikwa "bitter". Usidanganywe na John Smith's Extra Smooth na jamaa zake: hizo zinasukumwa kwa naitrojeni, zina povu zito la krimu, na ni kinywaji kingine kabisa.

Kila mpini una kibao chenye jina, kiwanda na asilimia ya kilevi. Kibao kilichogeuzwa mgongo maana yake pipa limekwisha. Tangu Agosti 2023 kodi ya bia ya bomba iliyo chini ya asilimia 3.5 ni nafuu zaidi, hivyo utakuta bita kadhaa za zamani zimeshushwa hadi 3.4. Ukikumbuka bia fulani ikiwa nzito zaidi zamani, huenda hukosei.

Halafu uliza swali moja tu, lenye faida kuliko maswali yote: ni ipi inayouzika zaidi leo? Usiulize ipi nzuri. Hilo litakupa maoni ya mhudumu, ambaye pengine hanywi bita. Hili la kwanza litakupa pipa lililo freshi.

Hatua ya tatu: agiza nusu

Painti ni mililita 568, nusu ni 284. Pabu nyingi pia zina theluthi, mililita 189. Kwa kuonja, nusu inatosha: theluthi inapata joto upesi mno, na painti ya bia mbovu ni adhabu. Painti ya asilimia 4 ina takriban yuniti 2.3 za kilevi (yuniti moja ni mililita 10 za kilevi kitupu), na ushauri wa afya wa Uingereza ni kutozidi 14 kwa wiki, kwa hiyo nusu nne za aina nne ni jioni nzima. Gari liache nyumbani.

Mtu anayesita kati ya mbili anaruhusiwa kuomba kionjo, funda moja au mawili kwenye glasi ndogo, bure. Kuomba vionjo sita huku watu wamejaa nyuma yako ni utovu wa adabu.

Sasa tazama mkono wa mhudumu. Glasi iwe safi, kavu, na isiwe ya moto kutoka kwenye mashine ya kuoshea. Silinda ya pampu kwa kawaida hubeba nusu painti, kwa hiyo glasi yako inajaa kwa mvuto mmoja mrefu na kidogo cha kuongezea. Painti ni miwili na kidogo. Mpini ukivutika kwa mikupuo yenye kutemea hewa, pipa linakaribia kuisha, na glasi yako itakuwa na mashapo ya chini. Hapo mhudumu mzuri huacha mwenyewe na kwenda kubadilisha.

Mdomo wa bomba una jambo lake. Kaskazini, hasa Yorkshire na Lancashire, hufungwa kifuniko kidogo chenye matundu, wao huita spakla, ambacho huipenyeza bia kwa nguvu na kutengeneza povu nene la krimu. Kusini hawakitaki. Ugomvi huu ni wa miaka na hauna mwisho. Kwa mwonjaji ni suala la kujua unachopata: spakla huondoa sehemu ya gesi na kusogeza harufu ya hopsi juu kwenye povu, hivyo kinywani bia huwa laini na uchungu unafifia kidogo. Landlord ya Timothy Taylor's hutumika nayo nyumbani kwake. Sussex Best ya Harveys haiihitaji. Kipande hicho hung'olewa kwa sekunde, kwa hiyo unaweza kuomba kitolewe, lakini ukiwa Leeds, huko Yorkshire, fikiria mara mbili kabla ya kufanya hivyo.

Povu likichukua nafasi kubwa kwenye glasi isiyo na mstari, una haki ya kuomba ujaziwe. Sema "Could you top that up, please?" na hakuna atakayekununia. Glasi yenye mstari hupimwa hadi kwenye mstari. Hapo povu la juu si hasara yako.

Hatua ya nne: macho na mkono

Inua glasi kuelekea dirishani au kwenye taa. Bita inapaswa kung'aa hadi uone vidole vyako upande wa pili, rangi ikiwa kati ya asali mbichi na shaba iliyosuguliwa. Ukungu ni onyo, ila si hukumu: viwanda vingine huuza bia isiyotulizwa kwa makusudi, na kibao au mhudumu atasema hivyo. Ukungu wenye harufu nzuri unyweke. Ukungu wenye harufu ya siki urudishe.

Ishike kwa kiganja. Ikiwa glasi inatoka jasho, bia imepozwa kupita kiasi na harufu imefungwa. Isubiri dakika tano. Ikiwa ni vuguvugu kama chai iliyosahauliwa, mipira haipozwi au bia imekaa humo muda mrefu. Hiyo haisubiriwi.

Hatua ya tano: pua

Kunywa funda dogo kwanza ili kupata nafasi, funika mdomo wa glasi kwa kiganja, zungusha mara tatu, fungua, nusa kwa mapumzi mafupi. Tafuta makundi matatu.

Kimea: ukoko wa mkate, biskuti, karanga zilizokaangwa. Viwanda vingi vinajivunia Maris Otter, shayiri iliyotoka Cambridge miaka ya 1960. Kimea kilichokaushwa kikiwa na maji hadi sukari ikaiva ndani ya punje ndicho kinacholeta tofi na ile harufu ya sukari guru.

Hopsi: hapa usitafute maembe na mapasheni ya bia za Kimarekani. Fuggle inanuka udongo baada ya mvua, majani makavu, ubao. Golding ya Kent ni laini zaidi, maua na asali kidogo. Challenger huleta ganda la chungwa na viungo.

Hamira: matunda. London Pride, bita ya Fuller's, ina harufu ya mamaledi ya machungwa ambayo ukishaijua huwezi kuipoteza, na nyingi ya hiyo ni kazi ya hamira ya Fuller's. Harveys wana hamira iliyotoka Tadcaster mwaka 1957 na wanaendelea nayo hadi leo. Inatoa utunda mzito wenye ukavu mwishoni.

Harufu ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi, kwenye bia ya Burton upon Trent kama Pedigree, si ubovu. Maji ya mji huo yana jasi nyingi, na harufu hiyo hupita ndani ya dakika moja au mbili. Wenyeji huichukulia kama sahihi ya mji.

Hatua ya sita: funda

Usionje kama mvinyo, kwa kugusisha ulimi na kutema. Chukua funda zima, lijaze kinywa, limeze. Sehemu kubwa ya bita iko baada ya kumeza.

Funda la kwanza husafisha tu kinywa, usilihukumu. La pili, fuata mpangilio: mbele ya ulimi utamu wa kimea, katikati matunda na mwili wa bia, kisha uchungu unapanda kutoka nyuma. La tatu, meza kisha nyamaza, hesabu hadi 20. Bita nzuri itakuwa bado inakwenda: ukavu unaongezeka, mate yanajaa, mkono unarudi kwenye glasi wenyewe. Bita dhaifu inaishia kwenye kumi, au inabaki utamu unaoganda kama shira.

Gesi nayo ipime kwenye ulimi. Unataka mchomo mdogo, kama ukali wa maziwa mgando yaliyoanza kuchachuka. Bila mchomo huo hata mapishi bora yanakuwa maji ya rangi.

Acha nusu ya glasi, zungumza dakika kumi, urudi. Ikipanda nyuzi mbili tatu, utamu na matunda hufunguka. Hapo ndipo Best hujitenga na bita ya kawaida.

Chakula kisivuruge: chipsi za pakiti zenye chumvi na siki ni adui, pilipili pia, na peremende za minti huua kila kitu kwa nusu saa. Jibini la Cheddar na mkate ndio wenzi wake. Wasiokula nguruwe wajue kwamba vile vipande vikavu vya pakiti vinavyoitwa pork scratchings ni ngozi ya nguruwe.

Ikiharibika, nani mkosaji

Siki, ukali unaobana taya: pipa limekaa wazi muda mrefu, bakteria wamepata hewa. Kosa la pabu. Ndilo kosa la kawaida kuliko yote, na huanza polepole. Siku ya nne utasikia tu tofaa lililochubuka.

Karatasi au boksi lililolowa: bia imezeeka kwa hewa. Inaweza kuwa pabu, inaweza kuwa pipa lilikaa sana kwa msambazaji.

Siagi, au tofi nyororo inayoteleza: kidogo kwenye baadhi ya bita huvumiliwa. Ikifanana na bisi za sinema, bia imetoka kiwandani kabla hamira haijamaliza kazi, au mipira ni michafu. Mipira inatakiwa kusafishwa kila siku saba.

Dawa ya hospitali au plasta ya kidonda: hamira mwitu, au mabaki ya dawa ya kusafishia. Usiimalize.

Mahindi ya kuchemsha: kosa la kiwandani, pabu haina hatia.

Maji matupu bila mchomo: kigingi.

Kurudisha ni jambo la kawaida, na kuna kanuni moja: rudisha baada ya mafunda mawili, usingoje glasi ibaki robo. Usitoe mhadhara. Sema "Could you check this one for me, please?" Mhudumu anayejua kazi ataivuta kidogo, ainuse, akubadilishie na kugeuza kibao. Akikujibu kwamba bita ndivyo ilivyo, kunywa maji, nenda pabu nyingine.

Kuandika alama

CAMRA hutumia 0 hadi 5: sifuri hainyweki, 1 mbaya, 2 ya kawaida, 3 nzuri, 4 nzuri sana, 5 kamili. Alama hizi hupima hali ya bia siku hiyo, hazipimi kama unaipenda. Andika jina la bia, pabu, siku na saa, kisha hali kwa namba, kisha maneno matatu ya ladha kwa Kiswahili chako mwenyewe. "Sukari guru" itakukumbusha zaidi ya neno la kuazima.

Zoezi linalofundisha haraka kuliko yote: chagua bia moja inayopatikana sana, London Pride ukiwa London, na uinywe nusu nusu kwenye pabu tatu tofauti wiki moja, siku ileile ya juma ikiwezekana. Mapishi hayabadiliki, kwa hiyo tofauti yoyote utakayoiandika ni ya stoo. Baada ya hapo panga bia tatu tofauti jioni moja, kilevi cha chini kikitangulia, glasi ya maji katikati. Ukianza na ESB, nyingine zote baada yake zitaonekana maji.

Kengele ikilia karibu na saa tano usiku ni tangazo la oda za mwisho. Rudisha glasi zako kaunta unapotoka.